Vidole vya Bibi Harusi

Mkunguru. Neno hilo nikilisikia mpaka leo napandwa na hasira. Wiki nzima ile nyumba yetu ya Kuze haikuwa na neno jingine. Bayan ameamka na homa: ni mkunguru. Bayan hataki kula: ni mkunguru huo, muacheni, utamtoka wenyewe. Mgeni akiingia Mombasa lazima apigwe na homa ya ugeni, ndivyo wazee wetu wanavyoamini, na Bayan, ingawa ni binti wa kakangu na damu yetu wenyewe, alizaliwa Maskati na kukulia huko, na alikuwa hajatia mguu hapa hata siku moja. Alikuja katikati ya Ramadhani ili aolewe na Ziad, binamu yake wa upande wa mamake, harusi iwe mfungo mosi, baada ya Idi.

Kakangu alinipigia simu akaniambia, "Afaf, mtoto ni amana yako mpaka mamake afike." Mamake angefika kwa ndege ya Jumamosi. Kwa hivyo mpaka Jumamosi mtoto alikuwa wangu, na lolote likimpata ningeulizwa mimi. Mimi ndiye shangazi, mtalaka, mwenye duka la leso pale mtaa wa Biashara, na subira sina. Mamangu, Bibi Mwanakuu, huwaambia wageni kwamba nilizaliwa nimesimama na sijakaa tangu siku hiyo. Huwaambia mbele yangu, nao hucheka.

Ulikuwa ndio mwaka wa ile mvua ya El Nino iliyokataa kwisha. Vichochoro vilikuwa na maji kila pembe, na mbu waliingia majumbani mchana kweupe bila kubisha hodi. Bayan alikuwa ndani, hatoki, haonekani na mwanamume, kama bibi harusi anavyowekwa. Asubuhi anasuguliwa singo, ule unga wa manukato wa kulainisha ngozi, jioni anafukizwa udi. Hina alikuwa ameshatiwa, na juu ya hina piko, maua meusi membamba mpaka ncha za vidole. Fundi wa piko nilimchagua mimi na nilimsimamia mpaka akanichukia.

Homa ilimshika Jumatatu, Idi imeshapita. Nilitaka apelekwe hospitali siku ile ile, mamangu akasema bibi harusi hatolewi mlangoni kabla ya siku yake. Tukavutana, kisha tukakubaliana aitwe Kazungu. Huyu Kazungu alikuwa mpimaji wa damu katika hospitali ndogo ya watu binafsi, si mbali na kwetu, na alikuwa na desturi ya kuwafuata wagonjwa majumbani. Mtu wa Kilifi, mpole, anavua viatu tangu ngazi ya chini. Chumbani kwa bibi harusi hakuingia, wala mwenyewe hakutaka kuingia. Jumanne alikaa ukumbini nje ya pazia, akampa mamangu sindano, pamba na vile vigae vya kioo vya kupakia damu. Hakuwa na wasiwasi naye, kwa sababu mamangu ni mkunga. Nusu ya Kuze imepita mikononi mwake. Mamangu akaingia ndani na kigae kitupu, akatoka nacho kina tone la damu. Kazungu akaenda zake kupima, akarudisha jibu: malaria hakuna. Jumatano akaja tena, pazia lile lile, kigae kingine. Malaria hakuna.

Siku zote mbili mimi nilikuwa dukani. Jioni nikirudi naambiwa, amepimwa, hana kitu, si tulikwambia ni mkunguru? Nikapanda kumtazama, nikashuka, nikapanda tena. Miguuni alikuwa na vidoadoa vyekundu vidogo vidogo, vingi kama vimenyunyizwa. Nikauliza. Nikaambiwa ni singo, yule msuguaji ana mkono mzito. Msuguaji wa watu akatukanwa akaenda zake analia. Fizi zikatoka damu, ikawa ni mswaki mgumu. Nyumba ile siku hizo ilikuwa na jibu la kila kitu.

Alhamisi asubuhi pua ilimtoka damu na haikukatika. Nikaacha kuuliza mtu. Nilimfunika Bayan buibui, binti ya dadangu, Mwanaesha, akamshika upande mmoja nami upande mwingine, tukamteremsha ngazi na kumpitisha kichochoroni mpaka penye teksi. Mamangu alisimama juu dirishani. Maneno aliyonitupia sitayaandika, maana nampenda.

Daktari wa hospitali ile ya Kazungu alikuwa kijana wa Kaloleni, Daktari Chonga, mwenye adabu na mwenye kusema pole pole, na mtu akisema pole pole mimi viganja vinaniwasha. Kazungu akamtoa Bayan damu ya mkononi, kwenye mshipa, chupa ikapelekwa mbio hospitali kubwa penye mashine ya kuhesabu. Tundu la sindano lilikataa kuziba. Nesi, Naomi, alilikandamiza kwa pamba mpaka vidole vyake vikafa ganzi, akabadilisha mkono. Pale palipochomwa pakawa peusi kama zambarau, na weusi ukawa unatambaa kuelekea kiwiko.

Jibu lilikuja kwa simu. Daktari aliniita barazani akanieleza kwamba katika damu ya mtu kuna chembe ndogo ambazo kazi yake ni kuziba, ukijikata ndizo zinazokimbilia pale na kugandisha. Za Bayan zilikuwa zimebaki chache mno. Ndiyo sababu ya pua, na fizi, na vile vidoadoa vya miguuni, ambavyo singo haikuwa na lawama navyo hata kidogo.

"Pwani hii," akasema, "mtu akija kwangu na homa na chembe zimeshuka hivi, la kwanza nadhani ni malaria, hata kabla sijamgusa. Lakini huyu kapimwa mara mbili, na Kazungu hakosei."

Kazungu alikuwa amesimama kando. Akaapa kwamba vigae vile alivisoma pembe kwa pembe, akarudia, na hakukuwa na kimelea hata kimoja. Nikamuuliza daktari kwa nini asimpe kwinini tu, malaria iwepo isiwepo. Akanijibu kwamba kwinini yenyewe, kwa watu wengine, huzivunja chembe hizo hizo, na huyu hakuwa na za kupoteza. Angeona kimelea kimoja angeitundika dakika hiyo. Bila ya kimelea, ilimbidi afikirie mengine, na mengine yalikuwa mabaya: ugonjwa ndani ya uboho, pale damu inapotengenezwa. Kesho yake Bayan angepakiwa ndege apelekwe Nairobi, atobolewe mfupa wa nyonga, uboho uchukuliwe ukatazamwe. Na mpaka hapo alikataza asichomwe tena ovyo, maana kila tundu kwake lilikuwa ni mlango wa damu kutoka.

Nikamuuliza atafika Nairobi mzima? Akafungua faili akaanza kusoma upya alichokwisha kukisoma. Nikajua.

Nilitembea baraza ile kwenda na kurudi mpaka mfagiaji akaomba nimpishe. Ziad alikuwa langoni tangu asubuhi, hathubutu kuingia, kijana mzima na kanzu yake imeloa jasho. Akaniuliza, "Shangazi, atapona?" Nikamwambia atapona, kwa sauti ya kumkaripia, kama kwamba yeye ndiye aliyemtia ugonjwa. Kisha akaniambia, huku anatazama chini, kwamba mamake ametuma kuuliza kama maradhi haya ni ya ukoo. Mtoto hajakata roho, wao washaanza kuukagua ukoo. Nilimgeuzia mgongo nikarudi ndani, kwa sababu ningebaki pale ningesema la kuvunja harusi kabla mauti hayajaivunja.

Bayan alikuwa amelala macho nusu wazi, ngozi inachoma, midomo mikavu. Nilijilazimisha kukaa. Nikamshika mkono, ule mwingine, usiochomwa. Naomi akanionya nisimkandamize, akaniambia hajawahi kuona: tundu dogo vile, na limetoa damu tangu tulipofika mpaka sasa.

Nikawa nachezea vidole vyake, sijui nifanye nini na mikono yangu. Ua la piko la kidole gumba, ua la shahada, ua la kati. Fundi alifanya kazi, ukweli usemwe. Mistari miembamba kama nywele na hakuna hata mmoja uliokatika. Nikakipita kidole cha pete, nikafika cha mwisho, nikarudi.

Nikamuuliza Naomi, "Mtu akipimwa malaria, mwamchoma kidole kipi?"

Akasema cha pete, mara nyingi mkono wa kushoto.

Nikakigeuza kidole cha pete cha kushoto kwenye mwanga wa dirisha. Hina inaficha rangi, weusi usingeonekana, hilo nililielewa. Lakini tundu haifichi. Ua lilikuwa zima. Nikakibonyeza, laini, hakuna gaga la jeraha, hakuna uvimbe. Nikavitazama vyote, mkono huu na mkono ule, na Naomi akanisaidia kuvitazama bila kuniuliza kwa nini. Tundu la asubuhi mkononi lilikuwa bado linavuja. Vidole ambavyo tuliambiwa vilichomwa Jumanne na Jumatano havikuwa na alama ya kuchomwa.

Sikusubiri teksi. Nilimwambia Naomi namfuata mtu na asiwaache wampeleke popote, nikatoka kwa miguu, nikaikata Ndia Kuu buibui limenitoka kichwani na wanaume wa barazani wananitazama. Watazame. Njia nzima nilikuwa najaribu kujidanganya: labda walimchoma sikio, labda mguu. Nilijua si sikio.

Mwanaesha, aliyetuacha penye teksi, alikuwa jikoni anakamulia ndimu kwenye bakuli la achari, achari ya harusi. Anakamua kwa kiganja, vidole viwili kavinyoosha kando mbali na maji ya ndimu, kama mtu anayeshika kikombe kwa maringo. Nikamshika mkono nikaugeuza. Kidole cha pete kina gaga dogo. Cha kati kina gaga dogo.

Uso ukamsawijika. Akaniambia, "Nyanya alisema haidhuru. Alisema damu yetu ni moja."

Mamangu alikuwa chumbani, juu ya kitanda, na tasbihi yake. Nilisimama mlangoni. Nilidhani nitapiga kelele, na sauti ilitoka ndogo. Nikamuuliza kama ni kweli kwamba damu aliyopewa Kazungu, mara zote mbili, ilikuwa ya Mwanaesha.

"Kazungu alitaka damu, nikampa damu," akasema. "Mkono wa hina hautolewi damu, Afaf."

Mwiko huo sijausikia kwa mtu mwingine yeyote, kabla ya siku ile wala baadaye. Nikamwambia hivyo. Akaniambia nisiusikie vipi, na dadake Zuhura, aliyekuwa mkubwa wake, alijikata kwa kisu na mkono una hina ya harusi, na siku yake hakuifika. Alikuwa hajawahi kunitajia jinsi Zuhura alivyokufa. Alikuwa anasema bila ya kunitazama, anasogeza shanga moja moja.

"Na Mwanaesha na Bayan ni mtu na nduguye," akaendelea. "Nyanya yao mmoja. Damu si moja hiyo? Na mkunguru hautafutwi katika damu."

Hapo nilikasirika kweli kweli, na nasema wazi kwamba nilitamani asiwe mamangu ili nipate kumwambia yaliyokuwa kooni. Mkunga mzima. Mwanamke ambaye akigusa tumbo anakwambia mtoto kageuka upande gani. Neno tunalowaambia watoto ili wapendane, wasinyang'anyane sahani, yeye kalichukua kama lilivyo akalipaka kwenye kigae cha kioo. Na Kazungu maskini akakaa na darubini yake anatafuta maradhi ya Bayan ndani ya Mwanaesha, ambaye hajaugua tangu tetekuwanga.

Nikamwambia hivi tu: "Mama, kesho mtoto anapelekwa Nairobi kutobolewa mfupa, atafutwe maradhi ambayo huenda hana. Yale aliyo nayo yanammaliza, na dawa yake ipo pale pale hospitali. Daktari hampi kwa sababu anaamini amempima."

Shanga zikasimama. Nikaona mikono yake, ile iliyopokea nusu ya Kuze, inatafuta mahali pa kujiweka. Kisha akashuka kitandani na kuliangua buibui lake msumarini.

"Ndoo, twende," akasema. "Nipeleka kwa huyo daktari."

Magoti yake yalikuwa mabovu tangu zamani, na kwa kawaida mimi hutangulia nikamngoja kila kona huku nimemkunjia uso. Siku ile yeye ndiye aliyekuwa mbele. Hakusimama kuamkiwa na mtu.

Nilikuwa tayari kumsemea, kulainisha, kusema hapa palitokea kutofahamiana. Hakunipa nafasi. Alisimama mbele ya Daktari Chonga, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, akasema, "Mwanangu, vigae vile viwili si damu ya mgonjwa wako. Ni damu ya mjukuu wangu mwingine. Niliibadilisha mimi, wala Kazungu hakujua."

Daktari alimtazama. Nilingoja amkaripie na nilikuwa nimeshajiandaa kumrudishia, maana mamangu nitamkasirikia mimi, si kila mtu. Hakumkaripia. Aliniuliza tu kama ni hakika, nikasema nimeviona vidole vyote, vya huyu na vya yule. Akamwita Kazungu na kumwambia alete sindano. Kazungu akaelezwa. Kisha akasema, taratibu, kwamba aliona ajabu chembe zimejaa tele katika kile kigae cha Jumatano, na hospitali kubwa imesema hakuna, akadhani mashine yao ndiyo mbovu.

Mamangu akauchukua mkono wa Bayan yeye mwenyewe. Akavipanga vile vidole, akakichagua cha pete, chenye ua zuri kuliko yote, akakishika na kukitoa mbele. "Choma hapa," akasema. Kazungu akakifuta kwa spiriti, akakifuta tena, kisha akachoma katikati ya ua. Tone likatoka, likapakwa kwenye kigae. Na damu ikaendelea kutoka.

Naomi alitaka kukishika kile kidole. Mamangu hakumpa. Akachukua pamba, akakibana baina ya kidole gumba chake na cha shahada, akakaa.

Kigae kinataka kukauka, kinataka kutiwa rangi, kinataka kuoshwa. Nilienda mpaka mlango wa Kazungu nikarudi, nikaenda tena. Kuna saa ukutani mle niliyotaka kuiteremsha niivunje. Ziad aliniona kutoka langoni, akawa naye anatembea kule nje, mimi nikigeuka naye anageuka, kama tumekubaliana. Nikawaza, tukikosea je? Kikitoka safi tena? Basi ni mfupa, ni Nairobi, na mimi nitakuwa nimemtoboa mtoto tundu jingine bure, kwa mkono wa bibi yake.

Kazungu alifungua mlango na kutoka na kile kigae mkononi, kama anaogopa kukiweka chini.

"Wamejaa, daktari," akasema. "Sijapata kuona wengi hivi."

Sijawahi kumsikia mtu akitangaza habari mbaya nikataka kumkumbatia. Daktari Chonga, yule wa pole pole, alipita mbele yangu mbio. Kwinini ilitundikwa ndani ya maji ya sukari, na Naomi akaamriwa asibanduke pale. Nikamuuliza kuhusu zile chembe, si alisema kwinini huzivunja? Akanieleza kwamba sasa anajua nani mwizi: malaria yenyewe ndiyo iliyokuwa ikizimaliza, na malaria ikiondoka zitarudi. Akasema bado ana hofu, na kama tungengoja mpaka kesho asingekuwa na mgonjwa wa kumhofia. Alisema hilo kwa sauti ya chini ili mamangu asisikie. Alisikia.

Kidole kiliendelea kuvuja mpaka alasiri. Pamba ikilowa mamangu anachukua nyingine, habadilishi mkono wala hataki kusaidiwa. Aliswali amekaa pale pale kitini kwa ishara, Naomi kamshikia kidole kwa muda ule tu, kisha akakidai. Hata Naomi alipomwambia damu imekatika, mama, waweza kuachia, aliitikia kwa kichwa na hakuachia. Nilikuwa bado nina hasira naye. Nilimletea chai.

Jumamosi mke wa kakangu aliingia wodini na vumbi la safari, tayari anapiga mayowe, akamkuta mwanawe ameegemea mto. Homa ilikuwa imevunjika tangu alfajiri. Bayan alikuwa mweupe kama mkate mbichi na masikio yanamlia kwa ile kwinini, hata ikabidi tuseme naye kwa sauti. Alimsalimu mamake, akatabasamu kidogo, kisha akayarudisha macho kwa bibi yake, ambaye alikuwa upande wa pili wa kitanda na bado amemshikilia kile kidole kilichofungwa bendeji.

"Nyanya," akauliza, "hina yangu imeharibika?"

Mamangu alikitazama kile kidole.

"Imeharibika, mwanangu," akasema. "Alhamdulillahi."